Mji Uliokunjwa Juu ya Kabati

4 Februari

Mdogo wangu Kidonge,

Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko yasiyo na kifani, ninautangazia ulimwengu, nikianza na wewe, kwamba gego langu la nyuma upande wa kushoto limeamka tena. Lilikuwa limelala vizuri tangu mwaka jana. Jumapili nikanywa maji ya barafu kwa kiburi, nalo likaamka na hasira za mtu aliyekatishwa usingizi. Bendera zipepee nusu mlingoti. Wifi yako anasema tatizo si jino, ni mwenye jino, na kwamba mwanamume mwenye kitambi na mvi hana sababu ya kumwogopa daktari wa meno. Mimi simwogopi. Tunaheshimiana kwa kutokutana.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hapa hatujambo. Wifi yako anauliza kama mapacha bado wanakula kama mchwa. Mwanangu mkubwa amemaliza mafunzo ya umeme, na siku yake ya kwanza kazini akazima taa za mtaa mzima. Tunajivunia. Studio inakwenda, na jina la Flashi bado ninalo, ingawa siku hizi mwanga ukimulika mimi ndiye ninayefumba macho kabla ya mteja. Baba mzima. Magoti yake yanalalamika kwa niaba yake, kwa sababu yeye, unavyomjua, halalamiki.

Sasa jambo lenyewe. Barua yako kwamba mnakuja Desemba nilimsomea Baba mezani. Alifurahi, nakuapia; aliweka kijiko chini. Nikaendelea mpaka pale ulipoomba mapacha wapigwe picha mbele ya mji, kama tulivyopigwa sisi sote. Akakichukua kijiko tena. "Wajukuu wangu," akasema, "hawatasimamishwa mbele ya uongo."

"Uongo gani, Baba?"

"Muulize aliyezunguka."

Basi ndiyo hali. Lile pazia la mji liko juu ya kabati, limekunjwa na kufungwa kamba, tangu wiki ilipofika ile barua yako ya safarini, ulipokuwa unahamia huko. Wateja bado wanaingia wakisema "tuwekee mji", nami ninawaonyesha pazia la buluu tupu. Juzi muuza maziwa alikuja na mchumba wake, akalitazama, akasema, "Hili ni la picha za kitambulisho, Flashi. Mimi ninaoa." Nusu ya watu wa hapa wamepigwa picha mbele ya Kasri, Lango Kuu, mnara wa saa na daraja la mawe, vyote kwenye kitambaa kimoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika mji mkuu wa zamani. Isipokuwa Baba, anayesema aliuchora kama alivyouona kwenye dirisha moja akiwa kijana. Na wewe, unayesema dirisha hilo halipo.

Nimeamua kumpeleka. Tutalitafuta dirisha. Usinipinge kabla hujamaliza kusoma; najua hapa ndipo ulipoanza kutikisa kichwa.

Kaka yako,
Flashi


27 Februari

Kaka,

Nimesoma tangazo lako nikiwa nimesimama, kwa heshima ya marehemu mtarajiwa. Kang'oe. Mimi ni mkunga, meno si yangu, lakini nimeona wanawake wakizaa mapacha kwa kelele chache kuliko zako za jino moja.

Sisi wazima. Shemeji yako amepata zamu za mchana, kwa hiyo sasa tunaonana na kugombana kama watu wengine. Mapacha wamekuwa warefu. Mmoja ana masikio ya Baba, yale yanayosikia ya jikoni akiwa barabarani. Wanajua kwamba babu yao ana mji. Nimewaambia.

Kuhusu safari, ninakupinga na nimesoma mpaka mwisho.

Sikusema Baba ni mwongo. Uniwekee hilo sawa. Nilikuwa na siku nzima pale kabla ya kuondoka, nikazunguka na ule mji kichwani. Nilisimama kila mahali mtu anapoweza kusimama. Ukiona Kasri, daraja limejificha. Ukiona daraja, Lango halipo. Hata Mlevi sikumpata. Unamkumbuka Mlevi, lile bomba la moshi lililoinama chini ya mnara? Tulisema brashi ilimteleza Baba, naye akatunyima sukari siku ile. Niliandika nilichokiona. Sasa wewe unataka mzee wa magoti yale apande na kushuka mji mzima ili na yeye asikione? Mimi aliweza kunikasirikia. Akilikosa yeye mwenyewe, atamkasirikia nani?

Afadhali asijue. Mwache na kabati lake. Tutapiga picha mbele ya buluu.

Wasalimie wote. Baba pia, kama anapokea.

Kidonge


15 Aprili, mji mkuu wa zamani

Kidonge,

Umeona mahali barua ilipoandikiwa. Usianze kupiga kelele, posta itasikia.

Nyumbani tuliwaacha salama. Wifi yako alitufungia chakula cha kutosha jeshi dogo, tukakimaliza kabla basi halijatoka stendi. Jino limesafiri nami bila tiketi. Chumba chetu cha kulala wageni kina vitanda viwili vyembamba na dirisha linalotazama ukuta. Baba alilifungua, akautazama ukuta, akasema, "Si hili." Nilicheka peke yangu.

Nikusimulie mji, maana wewe uliupitia na hasira. Kasri ni zuri kuliko nilivyotegemea. Mlangoni unavishwa soksi kubwa za kitambaa juu ya viatu usije ukaikwaruza sakafu, na sakafu yenyewe inang'aa kama kichwa changu kinavyoelekea. Niliteleza kutoka ukumbi wa mabalozi hadi chumba cha kulia bila kukunja goti, nikasimamishwa na mama mmoja mgeni niliyemkumbatia bila kukusudia. Mumewe alipokea radhi. Kiti cha enzi ni kidogo mno. Kingenitosha upande mmoja. Watu wote walikuwa wanatazama dhahabu na vioo. Baba alikuwa anatazama madirisha, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta sura ya jamaa yake kwenye umati.

Lango Kuu lina misumari ya shaba mikubwa kama sahani, na kila mgeni anagusa mmoja kwa bahati. Nikagusa kwa shavu, upande wa jino. Daraja la mawe tulilivuka polepole, mto chini una rangi ya chai ya maziwa. Na mnara wa saa tuliupanda. Nisahihishe: Baba aliupanda. Mimi nilifika kwenye benchi la katikati, walilowawekea watu wa aina yangu, nikakaa na bibi mmoja tukabadilishana habari za shinikizo la damu. Baba alipita na magoti yake yakilia kama bawaba. Aliposhuka nikamwuliza ameona nini.

"Vyote," akasema. "Kasri, Lango, daraja."

"Basi tumepata."

"Mnara je? Utauona mnara ukiwa juu ya mnara?"

Sasa najua ulichopitia. Baba anasema akiwa kijana alikuja na mkandarasi kupaka rangi dari za nyumba moja ya wageni wakubwa, na chumba cha juu kilikuwa na dirisha. Ngazi zake zilikuwa na chuma cha kushikilia, kimefuliwa mfano wa majani ya mzabibu. Aliapa nyumba iko nyuma ya Kasri. Nyuma ya Kasri kuna maegesho ya mabasi. Akasema basi ni mtaa wa pili. Mtaa wa pili unauza mabati. Tulimwuliza mtembeza wageni mmoja, kijana mwenye adabu na mwavuli mwekundu. "Mzee," akasema, "hayo yote manne kwa pamoja huyaoni popote. Kila mpiga picha ananiuliza."

Baba alimshukuru. Tangu hapo chakula amenisukumia mimi. Unajua nilikila, lakini sikukifurahia.

Kesho asubuhi tuna saa chache kabla ya basi. Sijui nitamwambia nini njiani.

Flashi


3 Mei

Kaka,

Hapa wazima, mapacha wana mafua, mengine nitakuambia siku nyingine.

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, na mwenzangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni baba yangu ameacha chakula. Akasema hilo ni baya zaidi.

Nilikuambia usimpeleke. Basi, nimesema, nimemaliza.

Nikueleze kitu, na usimsomee. Siku ile sikuwa nazunguka kumkagua. Nilikuwa nakwenda mbali na nilikuwa naogopa. Nilifikiri nikisimama pale Baba alipouona mji, hata dakika chache, nitakuwa nyumbani mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Nilitaka mahali pa kusimama tu. Sikupapata, basi likawa linaondoka, nikaandika ile barua kwa mkono wa mtu aliyekosa. Kama ilimfikia kama shtaka, hayo yametoka kwenye mkono, si kwangu.

Mwambie alikunjue pazia. Mwambie sijali dirisha. Au usimwambie kwamba nimesema. Tafuta njia, wewe ndiye mwenye maneno.

Niandikie haraka. Na jino umelitaja kidogo mno. Jino lako halijawahi kukaa kimya.

Kidonge


20 Mei

Kwa Kidonge, na kwa wote wanaohusika,

TUMELIPATA.

Soma tena, kaa chini, kunywa maji. Dirisha lipo. Lipo kama Baba alivyosema, isipokuwa kwamba haliko nyuma ya Kasri, haliko mtaa wa pili, na nyumba yenyewe si ya wageni tena. Mambo mengine yote alikuwa sahihi. Kasri kushoto, Lango, mnara, daraja likifunga upande wa kulia, vyote vimejipanga kama familia inayosubiri kupigwa picha. Na Mlevi yupo, dada yangu. Ameinama vilevile. Brashi haikuteleza.

Picha nimeiambatanisha, ujionee: Baba na mji wake. Tazama kidevu kilivyoinuliwa. Hivyo ndivyo anavyotembea siku hizi hata akienda kuchota maji. Pazia limeshushwa kabatini kwa mkono wake mwenyewe, liko ukutani, na muuza maziwa amerudi na mke wake kupigwa picha ya harusi upya, wakiwa tayari wamekwishaanza kununiana. Nimewaambia wacheke, wakacheka.

Dirisha lenyewe liko juu ya ngazi, mahali pa kazi pa mtu fulani. Alitupokea vizuri. Mengine si ya maana.

Jino limepona, kwa njia zake.

Wifi yako anakusalimu, na mafua ya mapacha anasema wapewe mvuke. Desemba njooni na nguo nzuri.

Kaka yako mshindi,
Flashi


14 Juni

Kaka mshindi,

Mapacha wamepona. Shemeji yako anakupa pongezi; yeye ni mtu mwema na huamini anachoonyeshwa. Mimi nimekaa na hiyo picha tangu ilipofika, nikaitazama kwa miwani na bila miwani.

Kasri lina mshono.

Chini ya dirisha la tatu, kwenda kulia. Nilipachana mimi, kwa mguu wa kigoda, nikijifanya malkia anayetoka nje, na Mama, Mungu amrehemu, akapashona na uzi wa kahawia kwa sababu wa kijivu ulikuwa umekwisha. Majumba ya wafalme hayashonwi kwa uzi wa Mama.

Pili, Baba amevaa koti la sherehe na tai, na miguuni ndala za bafuni. Tatu, yale maelezo yako ni mafupi. Wewe uliniandikia ukurasa mzima kuhusu maji ya barafu, halafu siku Baba anapata dirisha lake unaniambia mengine si ya maana? Nne, jino halijiponyi. Mimi si daktari wa meno, lakini hata mapacha wanalijua hilo.

Kaka, sijakasirika. Kama hamkulipata, niambie. Nitakuja vilevile, nitasimama mbele ya buluu au mbele ya ukuta wa choo. Ninachoogopa ni kimoja: kwamba mzee aliyekuwa ananinunia kwa ajili ya ukweli wake, sasa amekaa studio anapigwa picha ya uongo ili anifurahishe. Hilo silitaki. Likiwa hivyo, ni mimi niliyemfikisha hapo.

Niambie kilichotokea. Chote.

Kidonge wako


10 Julai

Kidonge,

Salamu ni zilezile, watu ni walewale, wote wazima, tuziruke leo. Nilimsomea Baba barua yako. Kwenye mshono alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye zile ndala akaiangalia miguu yake kwa muda, akasema, "Mwandikie. Mwambie yote, na la jino pia."

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa, na nimejitahidi nisijipendelee.

Asubuhi ile ya mwisho Baba alitaka twende stendi mapema. Hakutaka tena kuzunguka. Tulipita njia ya mkato nyuma ya duka la vitambaa, mtaa ambao hatukuwa tumeupita kwa sababu hauonekani una kitu. Magoti yakamkamata. Akaegemea mlango wa nyumba moja, akanyoosha mkono kutafuta pa kushika, akashika chuma cha ngazi. Nikamwona ameganda. Mkono ukapanda juu ya kile chuma polepole, ukashuka, kama mtu anayempapasa mbuzi wake aliyepotea. Majani ya mzabibu.

Akaanza kupanda. Magoti hayakulia, au nilikuwa nahema kwa sauti kuliko yalivyolia. Juu kabisa kulikuwa na mlango wa kioo, na kwenye kioo kumechorwa jino kubwa linalotabasamu.

Daktari wa meno, Kidonge.

Baba akageuka akanitazama. "Jino lako linaendeleaje?"

"Limepona kabisa, Baba."

"Fungua mdomo."

Ndani kulikuwa na dada wa mapokezi, mtu wa haki kabisa. Tulimweleza. Akasema dirisha la mbele liko chumba cha matibabu, na chumba cha matibabu wanaingia wagonjwa, basi. Wakiingiza watazamaji, kesho kila mwenye kamera atakuwa pale. Nikasema tunamwelewa, tena nikasema kwa furaha, nikamshika Baba mkono tuondoke. Baba akasema, "Mgonjwa ninaye."

Nataka ujue kwamba nilikataa. Nilitaja basi. Nilitaja umri wangu. Nilitaja kwamba mama watoto hajui niko wapi. Baba alinisikiliza, halafu akasema kwa sauti ndogo, ile aliyotumia zamani tukiogopa giza, "Flashi. Nimeambiwa na mwanangu kwamba halipo. Mimi pia nimeanza kufikiri halipo." Akakaa kwenye benchi. Sijawahi kumsikia Baba akisema anafikiri amekosea. Jino langu lenyewe liliona aibu.

Nikaingia.

Daktari ni mama wa makamo, mikono midogo, maneno machache. Baba aliruhusiwa kusimama kando ya kiti ili anishike mkono ikibidi, na nitakuambia moja kwa moja kwamba ilibidi. Dirisha lilikuwa limefunikwa kwa lile pazia la vibao vya plastiki. "Likiwa wazi jua linanipiga machoni nikifanya kazi," daktari akasema. Nikalazwa kwenye kiti chali, taa usoni, sindano ya ganzi ikaingia. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua nilikuwa naitazama dari.

Majani. Dari nzima, pembeni, mstari wa majani ya rangi ile ya buluu na kijani, kila jani limekunjwa ncha kidogo kama sikio la mbwa. Unayajua. Umelala ukiyatazama utoto wako wote, maana ndiyo yaliyozunguka ukingo wa pazia letu, na Baba ndiye anayeyakunja hivyo, hakuna mwingine. Nikasema, "Mmh. Mmmh."

"Bado sijagusa," daktari akasema.

"Mmmmh," nikasema, nikinyoosha kidole juu.

"Hayo? Nimeyakuta. Wagonjwa huyatazama wasiniangalie mimi."

Baba naye akainua kichwa. Nilikuwa nimelala, sikuuona uso wake vizuri. Nilichokiona ni kofia yake ikiondoka kichwani, kwa mkono wake mwenyewe, kama anamwamkia mtu. Na hapohapo, nikiwa nimemtazama yeye, daktari akavuta. Likatoka. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu, kama mlango wa kabati la zamani. Ndilo hilo jino lililopona kwa njia zake. Nilipiga kelele kidogo. Dada wa mapokezi atakuambia nyingi, lakini yeye hakuwamo chumbani.

Halafu daktari akanawa mikono, akaenda dirishani, akavuta kamba.

Nilichokuandikia Mei kuhusu mji ni kweli, neno kwa neno. Kasri, Lango, mnara, daraja. Mlevi chini ya mnara, ameinama, siku hizi ana antena kichwani. Ni bomba la moshi la nyumba ya dobi, daktari anapeleka makoti yake pale. Tulikuwa tumesimama mahali pa upana wa mkeka, kulia kwa kiti. Ukienda hatua moja kushoto, mnara unakula daraja. Ndiyo maana hukulipata. Hakuna mtu angelipata bila jino bovu.

Baba alitazama muda mrefu. Daktari akampa kiti, akakataa. Mwishowe akasema, "Daraja nililifanya fupi mno. Nitalirefusha."

Sasa, kuhusu picha. Mimi ni mpiga picha. Ninalipwa na watu wenye akili zao. Na jambo ambalo ninamkataza hata mtoto mwenye kamera ya kuchezea ni kumsimamisha mtu mbele ya dirisha lenye jua na kumpiga. Siku ile shavu moja lilikuwa limekufa ganzi, mate yananitoka, machozi yananitoka, ya jino na ya lile jingine, na Baba amesimama pale na kofia mkononi. Nikampiga mbele ya dirisha lenye jua. Filamu nzima.

Tulipoisafisha nyumbani, Baba alikuwa mweusi tii. Kivuli chenye masikio. Akaishika picha, akaisogeza kwenye taa, akasema, "Huyu anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza kuwa yule kijana wa mwavuli mwekundu. Mwanangu hataniona nimefurahi." Akapanda kigoda, akalishusha pazia kabatini, akalitundika, akavaa koti na tai, akaniambia nipige. Ndala tulizisahau wote wawili. Hakutaka kukudanganya kuhusu dirisha, Kidonge. Alitaka uone uso. Uongo wa kukutumia ile picha kana kwamba ni ya dirishani ni wangu mimi, kwa sababu niliona aibu kuwa Flashi asiyejua mwanga unatoka wapi. Na jino nilikuficha kwa sababu ungelifurahia mno.

Leo nimekuwekea ile halisi, ya kivuli. Mbele hakuna uso, lakini nyuma ya kile kivuli mji umetoka safi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga, kila jiwe. Tafuta mshono. Na yale masikio, mpelekee yule pacha ayaone.

Pazia liko ukutani. Daraja limerefushwa, rangi bado inanuka. Kasri hakuligusa, nilimwambia apake pale penye uzi wa kahawia, akaniangalia kama ninayetaka kung'oa jino la mtu mwingine.

Nimekosa jambo moja zaidi, na nimelifanya makusudi. Ile barua yako ya Mei, uliyosema nisimsomee, nilimsomea. Alitoka nje, akarudi, akaomba kalamu. Kama utaigeuza picha utaona ameandika nyuma. Aliniambia nisisome. Nimesoma:

"Mwanangu, mahali pa kusimama papo. Kulia kwa kiti. Mkipita mkija, pandeni. Daktari ameniahidi hatamng'oa mtu. Nitakuwa ninawasubiri huku, na kidevu juu. Baba."